Kitenge Kimoja, Simu Mbili

Mabwerebwere, Kilosa
12 Januari 2025

Shangazi Yusta,

Shikamoo. Nilifika nyumbani mzima, na machungwa yako yote yalifika isipokuwa mawili, ambayo nilimpa mama mmoja niliyekaa naye kwenye basi kwa sababu aliyatazama sana na mimi sikujua la kusema.

Baba anakusalimu. Goti lake limepungua kuuma. Anachechemea mama akimtuma bombani, lakini kwenye mpira anakwenda vizuri. Mama hajambo. Dada Upendo naye hajambo, ila tangu tarehe ya harusi ipangwe ukimwita anaitika mara ya tatu. Akili yote iko Chanzuru kwa Herman wake. Kuku wako uliyenipa ameanza kutaga chini ya kitanda cha wazazi na hakuna anayethubutu kumhamisha.

Macho yako yanaendeleaje? Bado yanawasha ukishona?

Matokeo ya kidato cha nne hayajatoka. Naomba usiulize.

Uliniambia niandike barua kwa kuwa kwenye simu siongei, nami nimetii. Mzee Beda amekubali kuzibeba kila anapopeleka mchele Mikumi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Ile picha ya kitenge cha sare uliyotuma, chenye maua madogo, imefika kwenye simu ya mama. Unakumbuka dada aliomba sare ya ukoo iwe ya rangi ya damu ya mzee. Mama ameitazama picha akasema hiyo si damu ya mzee, ni zambarau. Dada kaitazama akasema zambarau. Baba kaitazama akasema ni kitenge. Mama ameniagiza nikuulize kwa adabu, kwa hiyo nauliza kwa adabu: huenda ulituma picha nyingine kwa bahati mbaya?

Mimi mwanao,
Vaileth


Mikumi
19 Januari 2025

Vaileth mwanangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba! Kumbe ndani yako kuna maneno yote haya? Kwenye simu wewe ni "ndiyo shangazi, sawa shangazi" mpaka salio linakata roho. Basi endelea hivyohivyo kwa kalamu.

Sisi huku hatujambo. Nyani wameingia kibandani kwangu wakachukua mkate wa Domina na kipimio changu cha futi. Mkate nimeelewa. Futi wanataka kumshonea nani? Domina aliacha cherehani akawakimbiza na pasi mkononi hadi barabarani, madereva wakasimama kutazama.

Macho yangu mazima kabisa. Tena tangu ulipoishikashika simu yangu ile siku ya pili ya Krismasi, ukasema "hii itakusaidia shangazi," hayawashi hata kidogo. Sijui ulifanya nini na sitaki kujua. Mikono yako ina baraka.

Sasa nenda ukamwambie wifi yangu, kwa adabu hiyohiyo aliyokutumia, kwamba sijakosea picha. Kitenge ni damu ya mzee. Nimekiangalia asubuhi, nimekiangalia mchana, nimemwonyesha Domina, naye kasema damu ya mzee bila kuulizwa mara mbili. Tatizo ni kioo cha simu ya mama yako. Kina ufa kutoka kona hadi kona, na kwa umri wake kilitakiwa kiwe kimeshapata kipaimara. Kioo kikizeeka hakioni. Changu ni kipya. Kwenye simu yangu watu wote wananawiri. Hata wifi mwenyewe, kwenye ile picha ya Krismasi, anang'aa kama aliyepakwa samli, na wewe unajua siku ile alikuwa na mafua.

Lakini mimi ni mtu wa haki. Wewe ndiye uliyesoma fizikia kwenye ukoo huu. Tafuta hapo Kilosa simu kama yangu, iweke pamoja na ya mama yako, upime kioo kipi ni bora. Utakachoandika ndicho nitakachofuata. Fanya haraka, maana kitenge kiko Morogoro dukani kwa Lupakisyo. Alinitumia picha sita, hicho ni cha nne, na mzigo ukishatoka kwake haurudi. Ameandika hivyo ukutani kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa kuliko jina la duka. Doti thelathini, mwanangu. Tukikosea, ukoo mzima unakosea.

Wako,
Shangazi Yusta

Matokeo sijauliza. Umeona?


Mabwerebwere, Kilosa
29 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa kutouliza. Yametoka, nimepata daraja la pili. Baba alitoka nje akakaa na kuku wako kwa muda mrefu, aliporudi macho yalikuwa mekundu akasema ni vumbi. Fizikia nimepata C, kwa hiyo upimaji wangu uuchukue kwa kiwango hicho.

Nilikwenda kwa Ashrafu, fundi simu aliyeko jirani na stendi. Nilipita mbele ya kibanda chake nikashindwa kuingia. Nikapita tena. Mara ya tatu akasema, "Dada, kama kuna kitu umedondosha hapa sema tukitafute wote." Ikabidi niingie. Nikamweleza yote, ila nadhani niliieleza meza, maana sikumtazama.

Alikuwa na simu moja kama yako kabisa, anaiuza. Tukaiwasha pamoja na ya mama. Tulizitoa nje juani kwanza. Ya mama ilipotea, nikajiona mimi mwenyewe na paa la kibanda. Yako ilisomeka mpaka herufi ndogo. Tukazilaza ubavu: ya mama rangi zilififia kama kanga ya kufanyia usafi, yako ilibaki vilevile. Kisha Ashrafu akaweka picha nyeusi tupu kwenye zote mbili, akazifunika kwa boksi, akaniambia nichungulie. Ya mama ilikuwa ya kijivu, ina mwanga pembeni. Yako sikuiona kabisa, nikadhani imezimika. Akasema kioo cha mama kina taa moja nyuma yake inayowaka muda wote, hata picha ikiwa ya giza. Chako kila nukta ina taa yake, ikitakiwa kuwa nyeusi inajizima.

Mwisho akaenda kwa jirani akaazima nyanya, akaipiga picha. Kwenye simu ya mama ilikuwa nyanya. Kwenye aina yako ilikuwa nyekundu kuliko nyanya yenyewe tuliyoishika. Ashrafu akacheka, "Hiki kioo kina sifa. Kinasifia kila kitu."

Kwa hiyo, shangazi, kwa haki, kioo cha simu yako ni bora kuliko cha mama. Nimemwambia mama hivyo. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua kwa nguvu.

Tulifungua pia picha ya kitenge. Kuhusu hilo kuna jambo nilitaka kuandika, lakini karatasi inaisha.

Vaileth


Mikumi
8 Februari 2025

Mwanangu msomi,

Daraja la pili! Nimeimba kibandani mpaka mteja mmoja akauliza kuna harusi gani. Nikamwambia harusi ni Aprili, hii ni ya akili. Mwambie kaka yangu hilo vumbi ninalijua, hata siku niliyoolewa mimi lilimwingia.

Na barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, Domina akisikiliza. "Kioo cha simu yako ni bora kuliko cha mama." Sentensi nzuri sana. Ningekuwa na fremu ningeitundika. Juani bora, ubavuni bora, gizani bora, hata nyanya imeongezewa uzuri! Basi kesi imekwisha. Siku hiyohiyo nilimpigia Lupakisyo, nikamwambia namba nne, doti thelathini, tuma. Mzigo unakuja wiki ijayo. Mwambie wifi kwamba sina kinyongo, na siku ya harusi nitakaa naye meza moja.

Jambo moja tu. Uliandika kwamba karatasi inaisha, lakini chini ya jina lako umechora ua lenye majani manane na kipepeo. Ulitaka kuniambia nini?

Shangazi Yusta


Mabwerebwere, Kilosa
16 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo naomba nisisalimie kwa niaba ya mtu yeyote kwa sababu hakuna anayejua kuwa naandika.

Karatasi ilikuwa haijaisha.

Tulipofungua picha ya kitenge pale kwa Ashrafu, ilikuwa zambarau kwenye simu ya mama. Na kwenye ile nyingine, iliyo kama yako, ilikuwa zambarau vilevile, tena zambarau iliyokolea. Ashrafu akakuna kichwa, kisha akauliza, "Hiyo ya shangazi yako haijawekwa kulinda macho?" Nikakumbuka Krismasi.

Siku ya pili ya Krismasi ulisema macho yanawasha. Nikaichukua simu yako nikaiwekea hali ya kulinda macho. Kioo kinapunguza rangi ya bluu, kila kitu kinakuwa cha njano njano kidogo. Watu huiweka jioni tu, kiasi. Mimi niliisogeza mpaka mwisho na kuiacha muda wote, nikidhani ikizidi ndiyo itasaidia zaidi. Zambarau ni nyekundu na bluu, shangazi. Ukiondoa bluu inabaki damu ya mzee. Ndiyo maana hata mama anang'aa kama amepakwa samli.

Kwa hiyo kioo chako ni bora kweli, na mama alisema kweli, na aliyeharibu ni mimi. Nilitaka kuandika siku ile. Lakini ulikuwa umesema mikono yangu ina baraka, nikashindwa kuandika sentensi inayofuata. Nikachora ua. Nilijiambia utauliza kabla ya kuagiza. Hukuuliza, uliagiza, na uliagiza kwa sababu ya maneno yangu.

Jumanne nilikupigia. Ulipokea ukanieleza habari za nyani, za kipaza sauti cha kanisani, za bei ya zipu. Nikasema "ndiyo shangazi" na "sawa shangazi," ukakata. Zilikuwa dakika saba.

Tafadhali, mzigo ukifika usimlaumu Lupakisyo, hana kosa. Ili uhakikishe, telezesha kidole kutoka juu ya kioo kuja chini. Kuna alama ya jicho. Iguse mara moja tu.

Nisamehe.

Vaileth


Mikumi
22 Februari 2025

Vaileth,

Hujambo? Mimi sijambo ila nimekasirika, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi. Swali langu la kipepeo hujalijibu, lakini hilo sasa dogo.

Nilikwenda Mvumi kwenye msiba siku mbili. Nikiwa huko mzigo ukafika. Domina, kwa bidii yake, akafungua, akaona vipimo viwili nilivyokuwa nimebandika ukutani, changu na chako cha Krismasi, akakata magauni mawili. Nimerudi, nimekuta meza yangu imejaa zambarau! Nikamuuliza, "Domina, hukuona rangi?" Akasema, "Niliona, dada, nikadhani mmebadilisha mawazo. Ninyi hubadilisha."

Nimeshika kitambaa mkono huu, nimeshika simu mkono huu. Kitambaa zambarau, picha damu ya mzee. Vitu viwili mbalimbali! Lupakisyo kaonyesha namba nne, katuma nyingine. Amenidharau kwa kuwa niko mbali, amedhani Mikumi tunaona tembo tu, rangi hatuzioni. Na harusi ni wiki moja baada ya Pasaka. Tukiingia kanisani watu thelathini tumevaa zambarau, rangi ya toba, mchungaji atadhani ukoo wetu bado uko kwenye Kwaresima.

Alhamisi nakwenda Morogoro. Nitaingia dukani kwake saa nne, wakati wateja wamejaa. Nitaiinua simu juu ili kila mtu aone picha aliyonitumia, kisha nitakitandaza kitenge chake kaunta nzima. Asiponibadilishia nitasimama mlangoni nimweleze kila anayeingia. Ameishi kwa jina zuri miaka kumi na tano, atatafuta jingine.

Nimekubandikia kipande kwa pini. Kishike juani ushuhudie mwenyewe.

Shangazi Yusta


Mikumi
2 Machi 2025

Vaileth, mwanangu wa kipepeo,

Nianze na salamu za kweli leo. Hujambo? Kaka hajambo? Wifi hajambo? Kuku chini ya kitanda hajambo? Domina anakusalimu na anauliza kama ameshafukuzwa kazi au la, maana sijamwambia.

Sasa ngoja nikueleze Alhamisi ilivyokuwa, wewe ulisikia upande mmoja tu.

Nilifika saa nne kamili. Duka limejaa, kina mama wa vikoba wanachagua sare yao. Lupakisyo ni mzee mfupi mwenye futi shingoni. Akanikaribisha, "Karibu dada wa Mikumi, safari njema?" Sikuitikia. Nikatandaza kitenge. Nikainua simu juu, nikasema, "Wanawake wenzangu, naomba mnisikilize!" Wakanyamaza wote. Na hapo, mwanangu, nikiwa na mkono juu na mdomo wazi, simu ikalia. Jina lako.

Nikapokea kwa spika, mkono ungali juu, ili nikuambie nitakupigia baadaye. Nikasema, "Vaileth, subiri, niko vitani." Na wewe ukasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwako:

"Shangazi, naomba unyamaze."

Nilidhani simu yako imeibiwa. Hata Lupakisyo alisikia. Nikanyamaza, tangu nibatizwe sijanyamaza hivyo. Ukaniambia barua yangu umeipata asubuhi ile kwa Mzee Beda, na pamoja nayo akakukabidhi barua yako mwenyewe ya tarehe kumi na sita, ina doa la chai. Alikuwa ameichomeka kwenye kibanio cha jua cha gari lake, juu ya kichwa chake, amekwenda nayo Mikumi na kurudi nayo mara mbili. Kisha ukanieleza ulichoifanyia simu yangu Krismasi, ukaniambia nitelezeshe kidole, nitafute jicho, niliguse.

Nikarudi kwenye picha, nikaligusa, na simu iko juu bado, duka zima linatazama. Damu ya mzee ikatoweka mbele ya macho yetu, ikawa zambarau, ileile iliyolala kaunta. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu." Mwingine akaanza kucheka, na kicheko ni kama surua. Nilicheka hata mimi, baadaye kidogo. Lupakisyo hakucheka. Alikunja kitenge polepole akasema, "Kumbe dada ulivaa miwani ya njano miezi miwili bila kujua. Mimi nilikuwa nawaza tu kosa langu ni lipi hata niambiwe mbele ya watu." Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa karibu kumfanyia. Nikamwomba radhi kwa sauti ileile niliyoingia nayo, kina mama wote wakisikia. Akasema, "Yameisha." Akautazama ukuta wake wenye maandishi mekundu, akasema hayo yaliandikwa kwa ajili ya wakorofi, na mkorofi akiomba radhi si mkorofi tena. Akapokea doti ishirini na nane ambazo hazijakatwa, akanipa damu ya mzee. Safari hii nilizishika kwa mikono, nikatoka nazo nje juani, na kipande hicho hapo kwenye pini. Mwonyeshe Upendo.

Nenda kamwambie wifi kwamba simu yake yenye ufa ilisema kweli. Mwambie polepole, asije akachinja kuku.

Na mimi nina la kwangu nililokuwa silisemi. Macho yangu si mazima. Mwaka sasa Domina ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano. Niliogopa kwenda kupimwa, fundi mwenye miwani nilimwona mzee. Tangu niguse lile jicho yameanza kuwasha tena, kwa hiyo juzi nimekwenda, nimepewa miwani. Nakuandikia nikiwa nimeivaa. Mwandiko wako ni mzuri kuliko nilivyodhani.

Umeniomba msamaha mara nne kwenye simu. Nimekusamehe mara moja, inatosha. Lakini yale magauni mawili yameshakatwa na hayarudi. Mimi na wewe tutavaa zambarau, watu ishirini na wanane watavaa damu ya mzee. Kila mtu atauliza. Na wakati wa utambulisho, pale shangazi anaposimama kutambulisha ukoo, nitakupa wewe kipaza sauti. Utaeleza kwa nini.

Usinijibu kwamba karatasi imeisha.

Wako,
Shangazi Yusta


Mabwerebwere, Kilosa
4 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na kwamba ile sufuria ya pilau uliyobeba kwenye mapaja haikumwagika. Baba bado anaimba nyimbo za harusi akichota maji, na goti amelisahau. Nyumba imekuwa kubwa bila dada. Nililala peke yangu chumbani siku ya kwanza, siku ya pili kuku akahamia kwangu, mama akamshukuru Mungu.

Harusi tulikuwa wote, kwa hiyo sitakuhadithia. Nitakuambia tu yale ambayo hukuyaona.

Mshereheshaji alipouliza, "Hawa wawili wa zambarau ni wa ukoo gani, mbona wao Kwaresima haijaisha?" na wewe ukanisukumia kipaza sauti, niliangalia mlango. Ulikuwa hatua kumi na moja. Nilizihesabu. Kisha nikamwona mama, amekaa meza moja na wewe kama ulivyoahidi, ameishika ile simu yake yenye ufa juu kabisa, ananirekodi. Nikafikiri, kioo kile kitanionyesha nilivyo, hakina sifa. Basi nikasema tu nilivyo. Nilisema shangazi yangu aliumwa macho nami nikataka kumsaidia, nikamfanya aone dunia nzima vibaya kwa miezi miwili, na yeye akaipenda hivyohivyo. Walipocheka nilidhani wananicheka mimi. Nilipokuona umevua miwani unafuta machozi nikajua hapana. Baada ya hapo sikumbuki, nimeambiwa niliongea dakika sita na mshereheshaji akaniomba kipaza sauti chake.

Ashrafu alikuwepo, alialikwa na Herman. Juzi ameniuliza kama naweza kukaa kibandani kwake asubuhi, nikisubiri kupangiwa kidato cha tano. Amesema wateja wengi hawajui kama tatizo ni kioo au ni wao, na anahitaji mtu wa kuwauliza bila kuwaaibisha. Nimekubali. Siku ya kwanza niliwauliza watu wanne, nikiwatazama.

Domina ametuma picha aliyotupiga mlangoni mwa kanisa, wote thelathini. Nimeitazama kwenye simu ya mama, kivulini na juani. Damu ya mzee iko sawa. Mimi na wewe katikati ni zambarau, imefifia kidogo, na ule ufa unapita kati yetu, lakini ukiinamisha simu hauonekani. Nimeitazama na kwenye ile nyingine kwa Ashrafu. Kule tunang'aa mno, wewe unaonekana umri wa dada. Sitakuambia ipi inasema kweli.

Itazame kwenye yako. Hakikisha kwanza lile jicho limezimwa, na miwani umevaa. Kisha usimsubiri Mzee Beda, jana nimemwona kwa mbali na kibanio cha jua kimejaa karatasi. Piga simu. Nitaongea.

Ila uniachie nafasi.

Vaileth